Tunamnyima Mgonjwa Chakula, Tunamwachia Sigara

Katika nyumba nyingi za Kakamega, mtu anapoanza kemotherapi, jamaa humwandikia sheria za mezani. Sukari inapigwa marufuku kwa kuwa eti inalisha kansa. Nyama inafuata, kwa kuwa eti ina sumu. Maziwa na mayai yanatiliwa shaka, na shaka hiyo inatosha kuyaondoa mezani. Wiki haijaisha, mgonjwa amebaki na mboga za kuchemsha, kikombe cha ndimu na chupa ya dawa ya mitishamba iliyoletwa na mtu aliyesikia kwa mtu. Lakini jioni anapotoka nje, akakaa chini ya mwembe na kuwasha sigara, hakuna anayefungua mdomo. "Mwacheni avute," mmoja husema kwa huruma. "Amebakiwa na nini kingine?"

Tumepindua mambo. Tunachomnyang'anya ndicho kinachompa nguvu ya kustahimili dawa, na tunachomwachia ndicho kinachoihujumu. Namwandikia kila mwenye mgonjwa wa saratani nyumbani, mgonjwa mwenyewe, na wale tuliowapa mamlaka ya kusimamia hospitali zetu: wakati wa kemo, kinachopaswa kutoka ni sigara, na kinachopaswa kubaki ni kilo za mwili.

Jambo hili si la nyumba moja mbili. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya 44,726 wa saratani, na watu 29,317 walifariki kutokana nayo. Sisi wa magharibi, pamoja na majirani wetu wa Bonde la Ufa, tuna mzigo wa ziada. Tumo katika ukanda wa mashariki mwa Afrika ambamo saratani ya umio, ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, imeshamiri kuliko katika sehemu nyingi za dunia. Pombe na tumbaku zimo katika orodha ya vinavyoichochea. Hata chai imo, ikinywewa ingali inafoka mvuke: mwaka 2016 shirika hilohilo liliviweka vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani.

Mwenye ugonjwa huo huanza kukonda hata kabla ya kujua anaugua nini. Kwanza ugali unakwama, kisha wali, mwishowe hata uji unateremka kwa taabu. Anapofika katika chumba cha kemo, suruali yake tayari inashikiliwa na mshipi. Mtu kama huyu hana kilo hata moja ya kupoteza, na ndiye tunayempokea nyumbani na orodha ya vyakula vilivyokatazwa.

Zamani mgonjwa wa hapa alipanda matatu hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kule Eldoret, au akaenda Nairobi kusubiri zamu yake katika Hospitali ya Kenyatta. Leo dawa za kemo zinatolewa katika hospitali kuu ya kaunti papa hapa mjini, na anayehitaji mionzi ndiye anayeendelea kusafiri. Hayo ni maendeleo. Hata hivyo, yamehamishia kazi kubwa nyumbani kwetu. Mgonjwa hukaa na dripu saa chache, kisha mara nyingi hurudi baada ya wiki mbili au tatu kwa awamu nyingine. Siku zote za katikati yuko mikononi mwa mke, mume, binti au mkwe. Kama atarudi akiwa na nguvu za kupokea awamu inayofuata, hilo huamuliwa jikoni.

Kabla ya kumwekea dripu, nesi humpandisha mgonjwa kwenye mizani. Wengi huona hiyo ni desturi tu ya kliniki, kama kuandikisha jina. La. Dozi ya dawa nyingi za saratani hukokotolewa kutokana na kimo na uzito. Uzito ukibadilika sana, hesabu hurudiwa. Mgonjwa akiwa amedhoofika mno, daktari hulazimika kupunguza dozi au kuahirisha awamu, na kila awamu inayoahirishwa ni nafasi ambayo uvimbe unaipata bure. Tena, mwili uliokwisha misuli huumizwa zaidi na dawa ileile ambayo mwili wenye misuli ungeivumilia: kichefuchefu, vidonda vya mdomoni, uchovu usiokwisha, na maambukizi yanayoingia kwa urahisi.

Madaktari wana kipimo chepesi cha kukumbuka. Mgonjwa wa saratani akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 bila kukusudia, hiyo ni dalili ya hatari. Kwa mtu wa kilo 60, asilimia 5 ni kilo 3. Kilo 3 zinaweza kutoweka bila mtu wa nyumbani kugundua, hasa kama mgonjwa huvaa koti kila siku. Ndiyo maana kadi ya kliniki isitiwe kwenye droo. Isomeni. Kama uzito unashuka kutoka awamu moja hadi nyingine, ulizeni, msingoje kuambiwa.

Kukonda huku pia si kwa njaa peke yake. Saratani yenyewe huwasha mwili kwa ndani, ikaufanya uteketeze misuli hata kama chakula kinaingia, na ikazima hamu ya kula. Kwa hiyo mwanamke anayepika kwa bidii na bado anamwona mumewe akipungua asilaumiwe na wakwe kwamba hamlishi mtoto wao. Wala mgonjwa anayesukuma sahani asikemewe kuwa ana kiburi. Jambo la maana ni kuwaeleza madaktari mapema, kwa sababu kichefuchefu kina dawa, vidonda vya mdomoni vina dawa, kufunga choo kuna dawa, na umio uliozibika unaweza kuwekewa kijibomba cha kuupanua ili chakula kipite.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa rika langu wanalijua vizuri. Miaka ya themanini na tisini ilitufunza kumtazama aliyekonda kwa jicho la kuhukumu. Ukimwi ulipopita katika vijiji vyetu, kukonda kulikuwa tangazo, na watu walihesabu mbavu za jirani kanisani. Hofu hiyo haijafa. Mgonjwa wa saratani anayepungua hujificha. Huacha kwenda sokoni na mazishini, na huvaa nguo mbili ili aonekane amejaa. Akijificha na watu, anajificha pia na mizani. Wakati mwingine hukosa hata kliniki. Tukiacha kunong'ona, tutamsaidia kuliko kwa kumpelekea chupa ya mitishamba.

Sasa turudi kwa sukari. Ni kweli kwamba seli za saratani hutumia sukari ya damuni kwa pupa. Lakini seli za ubongo, za moyo na za misuli huitumia pia, na mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Ukimnyima mgonjwa chakula cha nguvu, mwili wake hautatulia ukasema basi. Utaanza kuyeyusha misuli ili utengeneze sukari hiyo wenyewe. Yaani kijiko cha sukari ulichokiondoa kwenye uji, mwili utakichukua kutoka mapajani mwake. Mwenye kisukari ana masharti yake, na dawa za steroidi zinazoandamana na kemo huweza kupandisha sukari, kwa hiyo huyo afuate maagizo ya kliniki. Wala simpigii debe mtu wa soda na keki. Nasema tu kwamba uji wa wimbi wenye sukari na maziwa haujamuua mgonjwa wa saratani, ilhali udhaifu umewaua wengi.

Miongozo ya lishe kwa wagonjwa wa saratani huwataka wapate angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na ikiwezekana ifike gramu 1.5. Mtu wa kilo 60 anahitaji basi kuanzia gramu 60. Yai moja lina karibu gramu 6, na kikombe cha maziwa karibu 8. Sahani ya mboga za kuchemsha, hata ijae namna gani, haikaribii. Ukizipiga hesabu hizo, utaona kwamba orodha yetu ya marufuku inakata vile hasa vinavyohitajika zaidi.

Na hapa Kakamega hatuna sababu ya kulia kwamba chakula cha mgonjwa kinauzwa katika supamaketi za Nairobi. Omushenye, mchanganyiko wetu wa viazi vitamu na maharagwe vilivyopondwa, ni laini, una nguvu na una protini. Mrenda, kwa utelezi wake, unamsaidia mwenye vidonda mdomoni au koo lililobana kumeza tonge la ugali laini. Omena waliokaushwa wakasagwa unga huingia katika uji au mchuzi bila mgonjwa kulazimika kutafuna. Njugu zilizosagwa hutiwa kwenye mboga. Parachichi na ndizi zimo mashambani mwetu, na nyakati nyingine huoza chini ya miti. Kinachotakiwa ni kumpa kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, badala ya kumwekea mlima wa ugali saa mbili usiku na kumwambia amalize.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, unampelekea tu. Kwa mgonjwa wa kemo, muulize. Dawa hubadilisha ladha. Nyama inaweza kumnukia kama chuma, chai aliyoipenda miaka 40 ikamtapisha, na leo akatamani kitu ambacho jana hakutaka kukiona. Mpe anachokitamani siku hiyo. Chakula kiive vizuri, mayai yawe magumu, maziwa na maji yachemshwe, na matunda yaoshwe, kwa kuwa wiki moja au mbili baada ya dripu chembe nyeupe za damu hushuka na vijidudu vidogo huweza kumwangusha. Joto la mwili likifika nyuzi 38, msimpe dawa ya maumivu na kungoja asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Nina neno pia kwa wageni. Sisi Abaluhya tunajulikana kwa ingokho, yaani kuku, na mgonjwa hawezi kukosa watu wa kumtembelea. Lakini tazameni jinsi inavyokuwa: wageni wanakuja kumjulia hali, mke wa mgonjwa anakimbiza jogoo, wageni wanakula jogoo, mgonjwa anabaki na mchuzi. Mara tatu hivyo kwa wiki, banda limeisha. Mwenye kwenda kumwona mgonjwa abebe trei ya mayai, lita mbili za maziwa au kilo ya maharagwe, akae kidogo, kisha aage kabla jiko halijawashwa.

Wachungaji nao wana nafasi yao. Kaunti hii ni ya watu wa dini, na maombi yamewashika wengi mkono. Hata hivyo, kufunga siku tatu bila chakula katikati ya kemo ni hatari, na mgonjwa hawezi kulisema hilo mbele ya kusanyiko bila kuonekana mchache wa imani. Ni mchungaji, padri au imamu anayepaswa kulisema kwa ajili yake: "Wewe kula, sisi tutafunga kwa niaba yako." Na kuhusu mitishamba, mganga anayekataza mgonjwa kumwambia daktari anachokunywa amekwisha kujijibu mwenyewe. Dawa ya kemo husafishwa na ini na figo. Chochote kingine kinachopita humo lazima kijulikane.

Kuna kundi ambalo hali yake ni kinyume. Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti huongezeka uzito wakati wa kemo: steroidi zinaamsha njaa, uchovu unawakalisha, na hedhi hukoma mapema. Wapo pia waliokuja na unene tangu mwanzo na sasa, kwa hofu, wanataka kupunguza kilo haraka. Unene uliozidi una madhara yake, siukani. Lakini anayejinyima chakula katikati ya kemo hupoteza misuli pamoja na mafuta, na mtu anaweza kuwa mnene huku misuli yake imekwisha. Kwao ushauri wa busara ni kutembea kila siku kadiri nguvu zinavyoruhusu, kupunguza vinywaji vya sukari na vyakula vya kukaangwa, kushika protini, na kuliacha suala la kupunguza uzito kwa mtaalamu wa lishe wa kliniki, aamue lini na kiasi gani. Kemo haina haja ya kushindana na mashindano ya kukonda.

Sasa sigara, ambayo ndiyo imekuwa na watetezi wengi kuliko yai.

Hoja ya kwanza ya watetezi ni kwamba madhara yameshatokea. Amekwisha kuugua, kuacha kutasaidia nini? Jibu lipo, na limepimwa. Watafiti wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani waliwafuatilia wavutaji 517 waliogunduliwa saratani ya mapafu katika hatua za mapema jijini Moscow, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Nusu ya walioacha sigara baada ya kuambiwa wanaugua waliishi zaidi ya miaka 6.6; kwa walioendelea kuvuta, kipimo hicho kilikuwa miaka 4.8. Tofauti hiyo inakaribia miaka miwili. Zipo dawa za bei ya kutisha zinazosifiwa kwa kuongeza miezi michache tu. Na ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya mwaka 2014 ilishahitimisha kwamba kuvuta sigara kwa mgonjwa wa saratani huongeza hatari ya kufa na hatari ya kupata saratani nyingine mpya.

Sababu zake zinaeleweka. Moshi wa sigara huamsha vimeng'enya vya ini vinavyozivunja baadhi ya dawa. Irinotekani, inayotumika kwa saratani ya utumbo mpana, na erlotinibu, inayotumika kwa saratani ya mapafu, huondolewa mwilini mwa mvutaji haraka kuliko inavyotakiwa. Familia imeuza ng'ombe kulipia dawa, na sigara inaifukuza dawa hiyo kabla haijamaliza kazi. Bleomisini, inayotumika kwa baadhi ya limfoma na saratani ya korodani, ina sifa ya kuumiza mapafu, na mvutaji huumizwa zaidi. Gesi ya kaboni monoksaidi iliyomo katika moshi huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, nayo mionzi inahitaji oksijeni ili iue seli za uvimbe. Vidonda vya upasuaji hupona polepole. Vidonda vya mdomoni huchomwa upya kila mkupuo.

Hapo ndipo sigara na kilo zinapokutana. Nikotini huua njaa, na moshi hufifisha ladha na harufu ya chakula. Mgonjwa ambaye kemo imeshamwondolea hamu ya kula anajiondolea kile kidogo kilichobaki. Akivuta asubuhi kwa tumbo tupu, mara nyingi hatakula mpaka mchana. Wanaoacha sigara huongezeka kwa wastani wa kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na wengi wenye afya hulichukia hilo. Kwa mzee wa umio aliyebaki mifupa, kilo 4 ni heri. Ugoro, ambao wanawake wazee wetu wengi huutumia, nao si kimbilio: tumbaku isiyo na moshi imethibitishwa kusababisha saratani, ikiwemo ya mdomo na ya umio.

Hoja ya pili ya watetezi ni huruma, na hii naiheshimu. Kwa mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho, ambaye matibabu ya kuponya yamesitishwa na lengo ni kumtuliza, sioni haja ya mtu kupigana naye kwa ajili ya sigara. Lakini huyo siye tunayemzungumzia. Anayepanga foleni ya kemo ametangaza kwamba anataka kuishi. Kumwachia sigara kwa sababu tunamhurumia ni kumzika kabla hajafa.

Huruma ya kweli ni kumsaidia kuacha bila kumfokea. Mgonjwa akishaambiwa kwamba alijiletea, huanza kudanganya: atamwambia nesi aliacha zamani, na nesi ataandika hivyo. Saratani nyingi hazitokani na sigara kabisa, na hata zinazotokana nayo, aliyemuuzia hakumwonya. Mpwa aliye karibu anaweza kumwambia tu, "Khocha, hii dawa tunayoitafutia pesa, sigara inaipunguza. Tuiache pamoja." Kama mpwa naye huvuta, na aache kwelikweli, au angalau asivutie uani kwa mjomba.

Siku tatu za kwanza ndizo kali zaidi. Hasira, kukosa usingizi na kichwa kuuma hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Kila shambulio la hamu hudumu dakika chache, na linaweza kupitishwa kwa maji, matembezi hadi getini, au kipande cha muwa, ambao hatujawahi kuukosa huku kwetu. Aache pia kukaa kwenye klabu ya busaa na chang'aa, maana glasi na sigara vimezoeana na koo lake halihitaji pombe. Kuna mabandiko na jojo za nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na vidonge vya vareniklini na bupropioni vilivyoongezwa mwaka 2021. Mgonjwa asivinunue kichochoroni; daktari wa kemo ndiye atakayejua kinachofaa pamoja na dawa nyingine. Akiteleza siku moja, aanze tena kesho yake.

Kuna faida ya mfukoni pia. Anayevuta sigara 10 kwa siku, tukisema kila moja ni shilingi 15, anachoma shilingi 4,500 kwa mwezi. Pesa hizo zinanunua trei ya mayai kila wiki, na bado kunabaki za maziwa na nauli ya kliniki.

Nimezungumza na familia. Sasa nizungumze na serikali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watu wazima milioni 2.5 nchini, yaani asilimia 11.6, walikuwa wakitumia tumbaku. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara mojamoja. Tembea kutoka kituo cha mabasi hadi stendi yoyote ya bodaboda uone jinsi inavyotiiwa. Sheria hiyohiyo iliunda hazina ya kudhibiti tumbaku, na kanuni za 2014 zikawataka watengenezaji na waagizaji wachangie asilimia 2. Kampuni ya sigara ya BAT ilipinga hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 26, 2019. Basi sehemu ya pesa hizo zifike katika chumba cha kemo cha Kakamega zikiwa na sura ya mshauri wa kuacha sigara na mabandiko ya nikotini ya bure. Hiyo ndiyo maana ya hazina.

Bima nayo inaona dripu, haioni sahani. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kiliwekwa shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na 150,000 zaidi kutoka hazina ya magonjwa sugu. Kiasi hicho hulipia matibabu. Hakimnunulii mjane wa Shinyalu maziwa ya kumwezesha kuyastahimili matibabu hayo. Na kaunti hii inajua namna ya kuziba pengo kama hilo. Mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambao watu waliuita Oparanyacare, ulianza mwaka 2013 na uliwapa akina mama maskini shilingi 2,000 kwa awamu, hadi 12,000, mradi wahudhurie kliniki. Mpango wa namna hiyo kwa wagonjwa maskini wa kemo, unaofungwa na mahudhurio na mizani, hautahitaji kubuniwa upya. Uliokuwepo unatosha kuwa kielelezo.

Wahamasishaji wa afya ya jamii waliokabidhiwa vifaa vyao mwaka 2023 wanapita nyumba kwa nyumba. Wapewe orodha ya wagonjwa wa kemo, kwa ridhaa yao, wawapime uzito kati ya awamu na kupiga simu kliniki uzito unaposhuka. Na katika kliniki yenyewe, mtaalamu wa lishe akae karibu na chumba cha dripu siku za kemo, na swali la sigara liulizwe kila awamu, lijibiwe kwa msaada badala ya hotuba.

Kule Migori, wakulima wengi waliokuwa wakilima tumbaku wamesaidiwa na serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa kung'oa zao hilo na kupanda maharagwe yenye madini ya chuma. Majirani zetu wa Bungoma na Busia, wanaolima tumbaku pia, wana la kujifunza hapo. Nasi wa Kakamega tunaweza kufanya mabadiliko hayohayo katika nyumba moja moja, bila kungoja mradi.

Kwa hiyo, kama una mgonjwa anayekwenda kemo wiki ijayo, chana ile orodha ya marufuku. Soma uzito wake kwenye kadi, umpikie anachoweza kumeza, na umshike mkono aache sigara. Mkikwama kwenye sigara, nambari ya msaada ya NACADA, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192, na kupiga ni bure.